Barua ya wazi kwa Shirikisho la Skwoshi Duniani: ubingwa wa timu usifutwe mara ya tatu

Kwa Rais, makamu wake na wajumbe wote wa bodi,

Waheshimiwa, salaam.

Skwoshi huchezwa na watu wawili wanaopokezana kupiga mpira ukutani ndani ya chumba, na timu hupanga wachezaji wake watatu kwa uwezo. Tangu nilipoanza kupewa jezi ya timu nimecheza namba tatu. Si namba moja, ambaye wapinzani huja wameshamsoma kwenye video hadi anavyofunga kamba za viatu. Si namba mbili, ambaye akiamka vizuri siku hiyo huitwa hazina. Namba tatu ni yule anayekaa nyuma ya kioo raketi ikiwa mapajani, mpira kaufumbata kiganjani usipoe, akihesabu gemu za wenzake ili ajue kama leo anaingia kucheza mechi yenye maana au mechi ya kukamilisha ratiba. Ngazi ya dunia sikuifikia, na kwa umri huu sitaifikia. Lakini kiti kile nakijua nje ndani, na kutoka kwenye kiti hicho ndiko ninakowaandikia.

Jambo langu ni moja. Ubingwa wa Dunia wa Timu za Wanaume ulianza Australia mwaka 1967, mwaka uleule shirikisho lenu lilipozaliwa. Umepita katika vita baridi, bei za mafuta, na mabishano ya nani mchezaji wa ridhaa na nani wa kulipwa. Halafu ukafutwa mara mbili ndani ya miaka sita: 2015 na 2021. Kabla hamjampa mtu mwingine yeyote uenyeji, tuambieni mmeweka kizuizi gani ili usifutwe mara ya tatu.

Naomba tuhesabu pamoja. Juni 2013 timu zilikutana Mulhouse, Ufaransa, na Uingereza ikawavua Misri ubingwa. Mashindano yalikuwa ya kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Cairo. Hayakuchezwa, kwa hofu ya usalama. Timu zikangoja hadi mwishoni mwa 2017, Marseille. Zikakutana tena Washington, Desemba 2019. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Kuala Lumpur; hayakuchezwa. Zikangoja hadi Desemba 2023, Tauranga, New Zealand. Kutoka Mulhouse hadi Tauranga ni miaka kumi na nusu, na katikati yake timu za dunia zilikutana mara mbili tu. Ratiba yenu ingefuatwa zingekutana mara nne. Aliyekuwa na miaka 24 kule Mulhouse alifika Tauranga ana 34, na magoti ya mchezaji wa skwoshi hayangoji vikao.

Mtaniambia kwamba wachezaji wakubwa hawakukosa pa kucheza. Ni kweli. Namba moja wa Misri au wa Uingereza ana mashindano ya kulipwa karibu kila mwezi, ana viwango vyake vya dunia, ana zawadi za fedha, na mashindano ya timu yakifutwa huenda akashukuru kimoyomoyo kupata wiki ya kupumzisha paja. Aliyeumia ni mwingine. Ni namba tatu wa timu iliyopangwa nafasi ya kumi na nane, anayefundisha watoto klabuni asubuhi na kufanya mazoezi yake usiku viwanja vikishakuwa vitupu; aliyeomba likizo miezi sita kabla, chama chake kikachangisha nauli ya watu wanne na kocha, tiketi zikakatwa. Huyo hana mashindano mengine ya dunia. Jina lake haliwezi kuingia kwenye droo ya mashindano makubwa ya mtu mmoja mmoja, na hata likiingia, atacheza mechi moja ya dakika ishirini na tano kisha arudi nyumbani. Ubingwa wa timu ndio mahali pekee ambapo pointi yake ina uzito sawasawa na pointi ya bingwa wa dunia. Namba moja akishinda, timu imepata moja. Namba tatu akishinda, timu imepata moja. Kanuni zenu wenyewe ndizo zilizoandika hivyo, na sijui kanuni nyingine yoyote ya mchezo huu iliyo na haki kuliko hiyo.

Tena ni kanuni inayofanya kazi. Mkitaka ushahidi, angalieni fainali. Mwaka 1997, Petaling Jaya, aliyesimama mbele ya Uingereza kwenye fainali hakuwa Pakistan wala Australia, alikuwa Kanada. Mwaka 1999, Cairo, Misri ilitwaa ubingwa wake wa kwanza nyumbani, na iliyomenyana nayo ilikuwa Wales, nchi ya watu wapatao milioni tatu. Mwaka 2003, Vienna, Ufaransa ilifika fainali dhidi ya Australia. Chukueni orodha ya mabingwa wa dunia wa mtu mmoja mmoja wa miaka hiyo mtafute Wales iko wapi. Nchi ndogo ikiwa na watu watatu wanaopendana na mmoja wao akawa na wiki ya maajabu, inaweza kuwaendesha wakubwa mbio hadi siku ya mwisho. Kwenye droo ya mtu mmoja mmoja maajabu hudumu raundi moja.

Na wakubwa nao, msidhani wanaiona timu kama mzigo. Jahangir Khan, aliyekaa zaidi ya miaka mitano bila kushindwa na yeyote hadi Ross Norman alipomvunjia mwiko huo Toulouse mwaka 1986, alichezea Pakistan ya miaka ya themanini iliyobeba ubingwa huu mara nne mfululizo: 1981, 1983, 1985 na 1987. Mwaka 1993 mashindano yalipokwenda Karachi, nyumbani, alivaa tena jezi ya nchi yake akaisaidia kutwaa kombe, kisha akastaafu. Mtu aliyekuwa na kila taji la peke yake alichagua kufungia ukurasa kwenye kombe la watatu. Miaka michache baadaye alikuja kuwa Rais wa shirikisho hilihili, kuanzia 2002 hadi 2008. Kiti mnachokalia kimewahi kukaliwa na mtu aliyejua thamani ya hiki ninachokisema, sihitaji kuwafundisha.

Sasa nije Kuala Lumpur, maana hapo ndipo penye kidonda.

Mashindano yalikuwa yaanze mapema Desemba 2021. Yalifutwa Novemba, muda mfupi kabla. Sababu mliyotupa ni kwamba hakukuwa na uthibitisho wa viza na vibali vya kuingia kwa timu zote, na tuliofuatilia tulijua timu iliyobanwa hasa ni Israeli. Barua hii haihukumu sera ya nje ya Malaysia wala ya mtu mwingine. Kila nchi ina mlango wake na ufunguo wake. Nasema hata zaidi: kati ya kucheza huku timu moja imezuiwa mpakani na kutocheza kabisa, mlichagua lililo sawa. Siku shirikisho litakapokubali mwenyeji achague nani aje na nani asije, hiyo itakuwa karamu ya mtu binafsi, na kombe lake lisiitwe la dunia.

Kosa ni kwamba mlifika Novemba.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya yalitanda mapema kabisa. Januari 2019 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki iliinyang'anya Malaysia uenyeji wa ubingwa wa dunia wa kuogelea wa wanamichezo wenye ulemavu, uliokuwa ufanyike Kuching, kwa sababu hiyohiyo: wachezaji wa Israeli hawakuhakikishiwa kuingia. Wakatafuta mwenyeji mwingine, na mwaka huohuo, Septemba, waogeleaji wakashindana London. Hiyo ni karibu miaka mitatu kabla ya yaliyotukuta sisi. Nchi ileile, swali lilelile, jibu lilishajulikana, na njia ya kutoka ilishaonyeshwa na wenzetu. Bwawa la kuogelea la kimataifa walilipata. Sisi tulishindwa kupata viwanja vinne vya skwoshi?

Na wala mpaka na pasipoti si jambo jipya kwenye kombe hili. Mwaka 1973 lilichezwa Afrika Kusini, ubaguzi wa rangi ukiwa sheria ya nchi. Mchezo wenu umeishi na swali la nani anakaribishwa na nani hakaribishwi tangu utoto wake. Kulijibu kila mara kana kwamba limeanguka kutoka mbinguni jana usiku ni kutojiheshimu.

Ombi langu la kwanza linatoka hapo. Msitie saini ya uenyeji na chama cha skwoshi peke yake. Chama cha skwoshi hakitoi viza. Viongozi wake wanaweza kuwa watu waungwana, wenye nia safi na ukumbi mzuri, lakini anayegonga muhuri uwanja wa ndege ni serikali. Takeni barua ya serikali, yenye saini, inayosema kwamba kila timu mwanachama itaingia, kwa bendera yake na jina lake. Barua hiyo ipatikane kabla ya kutangaza mwenyeji, si baada. Isipopatikana, asitangazwe. Mwenyeji asiyeweza kuitoa miezi kumi na minane kabla hataitoa wiki tatu kabla, na anayesema "tutaongea na wizara" anawaambia ukweli: bado hawajaongea na wizara.

Ombi la pili nalipenda zaidi, kwa sababu jibu lake liko tayari ndani ya kanuni zenu. Kila timu huja na wachezaji wanne, ilhali wanaoingia uwanjani kwenye pambano ni watatu. Kwa nini wanne? Kwa sababu mnajua kifundo cha mguu huteguka, nyama ya paja huchanika, mtu hula kitu kikamkataa. Mmeweka mchezaji wa akiba na hakuna anayeona ni anasa. Basi mbona nchi haina wa akiba? Kila mnapochagua mwenyeji, chagueni na wa pili, mumwambie waziwazi: wewe ni wa akiba, hakikisha viwanja na hoteli vinajulikana, na tukikuita miezi mitatu kabla uwe unaweza kusimama. Mwenyeji wa akiba ambaye hakuitwa apewe kipaumbele cha mzunguko unaofuata, ili asione amepoteza muda.

Najua kuna atakayesema ni ghali na haiwezekani. Tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa kitu tunachokizungumzia. Uwanja wa skwoshi una urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Timu ishirini na nne ni wachezaji tisini na sita. Ongeza makocha na waamuzi, bado wanaingia kwenye hoteli mbili. Hakuna uwanja wa watu elfu hamsini wa kujengwa, hakuna barabara ya kufungwa, hakuna farasi wa kusafirishwa kwa ndege. Klabu moja yenye viwanja vya kutosha inamaliza raundi za awali. Na kwa fainali mnao uwanja wa kioo unaofunguliwa vipande vipande, ukapakiwa na kufungwa upya popote: umesimamishwa mbele ya piramidi za Giza, umesimamishwa ndani ya kituo cha treni cha Grand Central, New York, abiria wakipita na mabegi yao pembeni. Mchezo uliofika piramidini na stesheni unashindwa vipi kuhama mji? Nikiulizwa ni mchezo gani duniani unaoweza kuhamisha ubingwa wake kwa notisi fupi, nitataja skwoshi kabla ya mingine mingi. Sisi ndio tulioufuta mara mbili.

Ya mwaka 2015 sitayakalia sana. Hofu ya usalama si kitu cha kupuuza, wala sitaki mchezaji yeyote apelekwe mahali ambapo familia yake haitalala. Lakini mwenyeji wa akiba angejibu hilo pia. Hiyo ndiyo faida yake: hajali sababu. Viza, usalama, maradhi ya mlipuko, tetemeko, ukumbi ulioungua. Dawa ni ileile.

Kuna jambo moja dogo ambalo nililiweka pembeni mwanzoni, nalo linanikereketa zaidi kuliko linavyostahili, basi nivumilieni. Ni mechi ya tatu.

Pambano la timu ni mechi tatu, na anayeshinda mbili ameshinda. Timu ikiongoza 2-0, mechi ya tatu mara nyingi hupunguzwa, ikachezwa kwa gemu tatu badala ya tano, au haichezwi kabisa. Televisheni inataka kufunga vipindi, wachezaji wa timu kubwa wanataka kulala mapema, na mwamuzi ana pambano jingine uwanja wa pili. Yote yanaeleweka. (Najua pia kwamba mpangilio wa mechi huzungushwa, na namba tatu anaweza kuwa ndiye anayefungua pambano; siku hiyo anayekaa na raketi mapajani ni namba moja, na huwa halalamiki.) Lakini mfikirieni yule aliyeupasha mpira wake moto. Wasioujua mchezo huu wanaona mpira mdogo mweusi tu. Anayeujua anafahamu kwamba mpira ule ukiwa baridi haudundi, unalala sakafuni kama tunda bovu, na kwamba lazima upigwe ukutani tena na tena hadi uchangamke. Mtu naye yuko hivyohivyo. Amepasha mwili, amepasha akili, ametoka nchi ya mbali, kisha anaambiwa: vaa suruali, tumemaliza.

Wiki nzima inaweza kuisha hivyo kwa mtu wa timu ndogo inayopigwa 2-0 kila siku. Anarudi nyumbani, watoto anaowafundisha wanamuuliza ulicheza na nani, naye hana la kuwaambia.

Hamhitaji kufanya kila mechi ya tatu iwe ya gemu tano. Ila kwenye makundi na kwenye mapambano ya kupanga nafasi, mechi ya tatu ichezwe, hata kama ni ya gemu tatu, na mchezaji anayetaka kuicheza asinyimwe kwa sababu makocha wawili wamekubaliana kwa kukonyezana. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu watu watatu wanaojua kwamba wote watacheza hujiandaa kama timu. Watu watatu ambao mmoja wao anajua huenda asicheze ni wachezaji wawili na mtalii.

Na mechi ya tatu, inapokuwa hai, ndiyo skwoshi yenyewe. Tarehe 30 Septemba 2023, Hangzhou, fainali ya timu za wanaume ya Michezo ya Asia, India na Pakistan zilifika mechi ya tatu zikiwa 1-1. Saurav Ghosal wa India alikuwa ameshasawazisha. Wakabaki Abhay Singh wa India na kijana Noor Zaman wa Pakistan. Wakafika gemu ya tano. Noor akaongoza 10-8, medali ya dhahabu ikiwa pointi moja mbele yake, mara mbili. Abhay akaokoa zote mbili akamaliza 12-10. Baada ya pointi ile alirusha raketi yake juu, na wenzake wakaingia kumkumbatia. Mtu mmoja ndani ya kioo, nchi mbili nje yake, na hakuna aliyeuliza nani ni wa ngapi kwenye viwango vya dunia. Mchezaji wa skwoshi huishi peke yake: anasafiri peke yake, anafungiwa peke yake kwenye chumba chenye kuta nne, anashindwa peke yake. Wiki ya timu ndiyo wiki pekee ambapo akigeuka nyuma anakuta watu wanaoumia naye.

Hilo ni muhimu zaidi sasa kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa nahofia furaha yetu ndiyo itakayotuumiza. Tuliililia Olimpiki kwa muda mrefu. Tukabisha hodi, tukaambiwa ngojeni. Mwaka 2009 wakaingia gofu na raga ya wachezaji saba. Mwaka 2013 mieleka ikarudishwa, sisi tukabaki mlangoni. Oktoba 2023, kikao cha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mjini Mumbai hatimaye kilituingiza kwenye Michezo ya Los Angeles 2028. Nililia, sioni haya kusema. Lakini tulichopewa ni mashindano ya mtu mmoja mmoja, wanaume na wanawake. Timu haimo.

Matokeo yake hayahitaji mtabiri. Wizara za michezo hufuata medali. Chama cha taifa chenye fedha kidogo kitaulizwa: una mtu anayeweza kufika Los Angeles? Kikiwa na mmoja, fedha zote zitamfuata huyo mmoja, kocha atamfuata, daktari atamfuata. Namba mbili na namba tatu wataambiwa wasubiri. Kitu pekee kinacholazimisha chama kuwa na watatu wazuri badala ya mmoja ni ubingwa wa timu. Ukiyumba huo, ukawa kitu ambacho huenda kikachezwa na huenda kisichezwe, mweka hazina wa chama atakuwa na sababu nzuri kabisa ya kuufuta kwenye bajeti. Wala sitamlaumu. Nani anunue tiketi ya harusi ambayo bwana harusi amekwisha kutoroka mara mbili?

Haki yenu niwape. Desemba 2024, Hong Kong, mliwakutanisha wanaume na wanawake mji mmoja, wiki moja, na Misri ikaondoka na vikombe vyote viwili. Ulikuwa uamuzi mzuri. Mashindano mawili yaliyokuwa yakihangaika kila moja na mwenyeji wake na mdhamini wake yakawa sherehe moja yenye uzito, na nchi ambazo zingepeleka timu moja zikapata sababu ya kupeleka mbili. Endeleeni hivyo. Lakini angalieni pia kwamba mmeweka mayai yote kwenye kapu moja. Zamani mkifuta, mlifuta ya upande mmoja tu. Sasa mkifuta, mmefuta ya wote, na maombi yangu mawili ya hapo juu yamekuwa ya haraka maradufu.

Misri wameshinda mara nne mfululizo: 2017, 2019, 2023 na 2024. Wapo wanaonung'unika kwamba mashindano yamekosa ladha kwa kuwa mshindi anajulikana. Miaka ya themanini walisema hivyohivyo kuhusu Pakistan, na kabla ya hapo kuhusu Australia, walioyabeba mara nne za mwanzo. Kila utawala uliangushwa na timu iliyokuja tena na tena, ikashindwa tena na tena, ikajifunza. Misri yenyewe ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa shirikisho mwaka 1967 na haikushika kombe hili hadi 1999. Hiyo ni miaka thelathini na miwili ya kurudi. Timu itakayowaangusha Wamisri pengine iko mahali fulani sasa hivi, ina namba moja wa kawaida na namba tatu mkaidi, na inahitaji kitu kimoja kutoka kwenu: tarehe ambayo haitabadilika.

Kwa hiyo, mtakapokaa kwenye mkutano wenu mkuu ujao na karatasi ya waombaji uenyeji ikaletwa mezani, naomba mjumbe mmoja, hata mmoja tu, ainue mkono kabla ya picha za ukumbi na hoteli kuonyeshwa, aulize maswali mawili: barua ya serikali iko wapi, na wa akiba ni nani. Majibu yachapishwe pamoja na jina la mwenyeji, ili chama kidogo chenye nauli ya kuchangisha kijue kinachangia kitu kitakachokuwepo.

Wenu katika mchezo,

Namba tatu